Nimefeli kadi za rangi: Marekani, Australia, au nibaki nyumbani?

Kipanga_Moro
Wakuu salaam. Nina miaka 20, nimemaliza kidato cha sita, PCM. Mzee kauza kiwanja ili nikasomee urubani. Juzi nikaenda kupima afya ya daraja la kwanza, la marubani wa kulipwa. Macho 6/6, moyo safi, masikio safi. Kikaja kile kitabu cha vitone vya rangi vyenye namba ndani, cha kupima kama unatofautisha rangi. Kadi ya kwanza 12, nikasoma. Huko mbele nikasema "21". Mdogo wangu aliyekaa pembeni akacheka: "Kaka, si 74 hiyo?" Daktari hakucheka, aliandika tu.

Nasikia Marekani wanalegeza masharti ya rangi, Australia wanalegeza zaidi. Au nichukue leseni ya kurukia binafsi hapa Bongo, nitafute kazi nyingine ya anga? Ipi ina maana?

Mzee_wa_Hanga
Dogo, pole. Hela ya kiwanja isiguswe kwanza. Kadi za Ishihara, hivyo vitone, zinasema una tatizo, hazisemi ni kubwa kiasi gani. Uingereza unatakiwa usome kadi 15 za mwanzo za kile kitabu cha kadi 24 bila kosa. Ukikosea unapelekwa CAD, kipimo cha kompyuta kilichotengenezwa City University, London. Hicho kinatoa namba. Mwenye udhaifu wa kijani anapita akiwa chini ya 6, wa nyekundu chini ya 12. Wapo waliofeli kadi wakapita hapo.

Hata ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, imeacha mlango: aliyefeli kadi anaweza kupimwa kwa njia nyingine. Akishindwa kabisa anabaki na daraja la pili, kuruka mchana kwa kuona nje tu. Huwezi kuishi kwa hiyo.

Wilson_Njiwa
Niko Nairobi. Hiyo Marekani unayosimuliwa na wakubwa ilikuwa ya zamani: ukifeli kadi, unasimama uwanjani, mnara unakumulikia taa nyekundu, kijani au nyeupe, unataja, unaondoka na barua yako. Tangu tarehe 1 Januari 2025 mwombaji mpya anapimwa kwa kompyuta. Na leseni yao ukija kuibadilisha nyumbani, utakaa tena mbele ya daktari wa mamlaka ya nyumbani.

Kangaroo_wa_Tanga
Australia ni kweli wamekwenda mbali. Kesi ya 1989 ya Denison, rubani mwenye udhaifu wa rangi aliyeipinga mamlaka yao, iliwafungulia wengi wenye udhaifu huu, na mwaka 2020 wakaanzisha kipimo cha vitendo: unaruka na mkaguzi, anaangalia kama unasoma taa na skrini inavyotakiwa. Kwangu huo ndio upimaji wa haki, maana hakuna rubani anayetua kwa kusoma vitone. Ila kibali hicho ni cha kwao. Kama huna mpango wa kuhamia kule, usikiweke namba moja.

Shabiki_wa_Usalama
Mnampamba kijana. Tallahassee, 26 Julai 2002, Marekani, Boeing 727 ya mizigo ya FedEx ilitua kwenye miti alfajiri. Taa za PAPI, zile za pembeni ya njia zinazokuonyesha kama unashuka sawa, zikiwa mbili nyeupe mbili nyekundu uko sawa; zote nyekundu umeshuka mno. Rubani msaidizi ndiye aliyekuwa anaiendesha, na alikuwa na upungufu wa rangi. Wachunguzi waliutaja.

Mzee_wa_Hanga
Waliutaja, pamoja na uchovu. Na wenzake wawili walioona rangi vizuri walikuwa humo humo wasiseme kitu. Wote watatu walipona. Lakini sikupingi: PAPI si mchezo, ndiyo maana nasema apate namba.

Dispacha_Mtaratibu
Tahadhari moja: usikimbilie kuongoza ndege mnarani, kule nako wanapima rangi. Kazi yangu ya kupanga safari, mafuta na hali ya hewa, ICAO haidai cheti cha afya. Umri ni 21, mwakani umefika. Na miwani ile ya kurekebisha rangi usinunue, haikubaliwi kwenye kipimo. Halafu muulize mama, upungufu huu wa rangi huwa mnarithi upande wa wajomba.

Kipanga_Moro
Nimempigia. Kumbe mjomba akitumwa nyanya sokoni alikuwa akileta mbichi, akachapwa miaka yote wakidhani ni uvivu. Hela ya kiwanja bado iko benki. Leo nimeandikia TCAA, mamlaka yetu ya usafiri wa anga, kuuliza baada ya kadi wanakubali kipimo gani, na nimeomba wanijibu kwa maandishi. Wakijibu nitaiweka hapa.