Kuzunguka Ulaya kiangazi na insulini ya mchanganyiko: joto, friji za hoteli na saa za kula

Binti_Kitindamimba

Habari zenu wanajukwaa. Mama ana miaka 63 na kisukari aina ya 2. Anachoma insulini ya mchanganyiko 30/70 (sehemu 30 ya haraka, 70 ya polepole) kwa peni ya sindano, yuniti 24 asubuhi na 16 jioni, na anameza metformini, vidonge vya kushusha sukari. Mwisho wa Julai tutasafiri kwa treni wiki tatu: Roma, Barcelona, kisha Paris. Naogopa mambo mawili, insulini kuharibika kwa joto na sukari kumshuka njiani. Abebe kiasi gani, aitunze vipi, na saa za kula za huko tuzipangeje?

Famasi_ya_Zamu

Dada, anza na hesabu. Yuniti 40 kwa siku mara siku 21 ni 840. Weka na yuniti 2 za kutoa hewa kabla ya kila sindano, inafika 924. Peni ya kawaida ina yuniti 300, kwa hiyo atamaliza tatu na kugusa ya nne. Abebe 8. Peni ikianguka au ikipigwa jua, hakuna uhakika kwamba famasi ya huko itakubali karatasi ya daktari iliyoandikwa nje ya Umoja wa Ulaya. Barua ya daktari iwe na jina halisi la dawa, si jina la kibiashara tu, na jina la mama liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti.

Mkipanda ndege kwenda Ulaya, zote ziwe kwenye begi la mkononi. Mzigo wa chini hupotea, na kule insulini inaweza kuganda. Iliyoganda ni ya kutupa, hata kama ikiyeyuka inaonekana nzima. Peni nne abebe yeye, nne wewe.

Ambazo hazijafunguliwa zinakaa nyuzi 2 hadi 8. Inayotumika haihitaji friji, ila isivuke kiwango kilichoandikwa kwenye karatasi ya ndani ya boksi, mara nyingi nyuzi 25 au 30, na ina idadi yake ya wiki. Andikeni tarehe ya kufungua kwenye peni yenyewe, kwa kalamu isiyofutika.

Friji ndogo za hoteli ndizo zinazoponza wengi. Hoteli nyingi umeme wa chumba unakatika ukichomoa kadi mlangoni, na friji inazima na taa. Mnarudi jioni, imekuwa kabati la joto. Waulizeni mapokezi kama friji ina laini yake, au waombeni wawawekee kwenye friji ya jikoni. Ikiwa inafanya kazi, msibandike peni kwenye ukuta wa nyuma, hapo ndipo barafu inaposhika. Kipimajoto kidogo cha friji ndicho kitakachowaambia ukweli.

Mshipi

Kwa mchana, tafuteni mfuko wa kupozea kwa maji. Ndani una punje zinazovimba kuwa jeli ukiuloweka dakika 5 hadi 10. Maji yakivukizwa kupitia kitambaa yanabeba joto, ndiyo maana mfuko lazima upate hewa. Ukiufungia kwenye plastiki au katikati ya nguo ndani ya begi, haupoi. Barcelona iko pwani, na siku yenye unyevu mwingi hewani mfuko hupoa kidogo, kwa hiyo msiutegemee kama kule kwenye hewa kavu. Usiutie friza. Na barafu isigusane na peni hata kidogo.

Roma hamtakosa maji ya kuuloweshea. Kuna bomba za chuma mitaani zinazoitwa nasoni, maji yake ni ya kunywa na ya bure. Ukiziba mdomo wa bomba kwa kidole, maji yanarukia juu kupitia tundu dogo, mama anakunywa bila kuinama.

Kabla ya kila sindano azungushe peni kati ya viganja mara 10, kisha aipindue juu chini mara 10, mpaka iwe nyeupe sawasawa kama maziwa. Akiona mapande yanaelea, au chembe zimeng'ang'ania kioo kama ukungu wa baridi, asiichome. Tahadhari: joto linaweza kupunguza nguvu ya insulini bila kubadili sura yake. Sukari ikipanda siku mbili bila sababu, fungueni peni mpya kabla ya kuongeza dozi.

Muuguzi_Kliniki

Hofu yako ya sukari kushuka ni ya haki. Joto hupanua mishipa ya ngozi, insulini inaingia damuni haraka kuliko alivyozoea, na hapo ongeza kutembea siku nzima. Achome tumboni, asichome paja kisha akapande ngazi. Mwombeni daktari wake, kabla ya safari, aandike dozi ya siku za kutembea sana.

Kibaya zaidi ni kwamba jasho, kizunguzungu na uchovu wa jua vinafanana na dalili za sukari kushuka. Msikisie, pimeni. Anawe mikono kwanza: maji ya pichi kidoleni yanatosha kuonyesha sukari iko juu wakati inashuka. Kipimo kikigoma kwa joto, kikae kivulini kipoe.

Chini ya 70 mg/dL (3.9 mmol/L) apewe gramu 15 za sukari, yaani mililita 150 hivi za juisi au soda ya kawaida, apime tena baada ya dakika 15. Someni lebo, kiasi cha kila mililita 100 kimeandikwa: zuccheri kwa Kiitaliano, azúcares kwa Kihispania, sucres kwa Kifaransa. Chokoleti haifai, mafuta yake huchelewesha sukari, na kwa joto hilo itayeyuka mfukoni.

Akitapika au kuharisha, asimamishe metformini mpaka ale na kunywa vizuri, ila insulini asiiache kabisa. Mpigieni daktari kuhusu dozi. Namba ya dharura nchi zote tatu ni 112.

Binti_Kitindamimba

Asanteni sana. Na saa za kula?

Muuguzi_Kliniki

Hispania ndiyo ngumu. Chakula cha mchana hutolewa kuanzia saa 7 na nusu au 8, cha usiku mara nyingi baada ya saa 3. Sehemu ya polepole ya sindano ya asubuhi inafanya kazi kweli adhuhuri, kwa hiyo asisubiri mgahawa: saa 6 na nusu ale mkate na jibini. Jioni nunueni chakula dukani mle chumbani saa yake ya kawaida. Mkienda mgahawani, asichome hotelini kwa kutegemea kwamba chakula kitafika nusu saa baadaye. Akae, mwagize, achome mkate ukiwa mezani.

Famasi_ya_Zamu

Bima ya viza ya Schengen, ile inayotumika nchi zote tatu, lazima ifikie angalau euro 30,000, lakini nyingi hazilipii ugonjwa uliokuwepo kabla ya safari. Waulize kwa maandishi kuhusu kisukari, na wakujibu kwa maandishi. Agosti famasi nyingi hufunga kwa likizo. Mlangoni hubandikwa jina la iliyo zamu.