Intaneti isiyo na mwenyewe mmoja: sisi wa Moshi na Arusha tunaitaka kweli?

Mleta mada, Kibosho

Habari zenu wana Kilimanjaro, na majirani zetu wa Arusha. Naomba tulijadili hili kwa utulivu, maana limeniumiza.

Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wa ndizi na maparachichi, watu thelathini na kitu. Kwa miaka mitatu oda zetu zote zilipitia ukurasa wetu kwenye mtandao mmoja wa kijamii. Mwezi wa tatu ukurasa ukafungwa. Ujumbe ulikuwa wa mistari miwili: mmekiuka taratibu. Taratibu ipi, hawakusema. Nikabonyeza pale pa kukata rufaa, ikanijibu mashine. Nikabonyeza tena, mashine ileile. Mama mmoja wa kikundi alikuwa ameshakata mikungu kumi na miwili kwa ajili ya mteja tuliyemjua kwa jina la ukurasani tu, namba yake hatukuwa nayo. Ndizi zikaivia uani kwake. Nilikwenda nikaziona, nyuki wamezijaa, na yeye hakunilaumu hata kidogo, jambo ambalo lilinichoma zaidi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nasoma intaneti ilikotoka, na nimegundua haikuzaliwa hivi. Mwaka 1964 mhandisi Paul Baran wa Marekani alichapisha wazo la mtandao usio na kitovu: ujumbe unakatwa vipande, kila kipande kinatafuta njia yake, njia moja ikifa vinapita nyingine. Tarehe 29 Oktoba 1969 kompyuta ya chuo kikuu cha UCLA, hukohuko Marekani, ilituma neno la kwanza kwenda taasisi ya utafiti ya Stanford, kwenye ARPANET, mtandao uliokuja kuzaa intaneti. Zikafika herufi mbili tu, mtambo ukaanguka. Tarehe 1 Januari 1983 mtandao ule ukahamia kwenye lugha moja ya pamoja, TCP/IP, na mwaka 1993 kituo cha utafiti wa fizikia cha CERN kikaiachia dunia bure wavuti, yaani mfumo wa kurasa za tovuti aliouvumbua Tim Berners-Lee. Kwenye wavuti hiyo hakuna aliyehitaji kumwomba mwenzake ruhusa ya kujiunga.

Leo? Tarehe 4 Oktoba 2021 mafundi wa Facebook walikosea amri moja wakati wa matengenezo, na Facebook, WhatsApp na Instagram zikazimika dunia nzima kwa takriban saa sita. Kosa la kampuni moja, na biashara za hapa Moshi zikakaa kimya. Kisha 29 Oktoba 2025, tarehe ileile, miaka 56 baadaye, intaneti ya nchi yetu nzima ikazimwa kwa siku kadhaa. Mnakumbuka wote mlikuwa wapi.

Wapo wanaojaribu kuirudisha kwa watu. Mastodon, mtandao wa kijamii ulioanza 2016, ni seva nyingi ndogo, yaani kompyuta zinazohifadhi kurasa na ujumbe wa watu, kila moja na msimamizi wake, na zinaongea zenyewe kwa zenyewe kwa kanuni iitwayo ActivityPub, kama ambavyo barua pepe inatoka kwa kampuni hii ikapokelewa na ile. Msimamo wangu ni kwamba tujiunge na njia hiyo, tuwe na chetu. Mnasemaje?

Muuza mitumba, Memorial

Katibu, pole kwa hasara. Ila tuseme ukweli. Wateja wangu wako walipo. Nikihamia kwenye seva ndogo ya watu mia mbili, jinzi zangu namuuzia nani? Mimi nahesabu bando, wewe unahesabu seva. Soko haliendi kwa muuzaji, muuzaji ndiye anayelifuata soko.

Mama wa duka la vitenge, Kaloleni, Arusha

Kaka katibu, pole sana. Nami nina langu. Mtu alichukua picha ya binti yangu akafungua akaunti kwa jina lake, akaanza kuomba watu hela. Nikalalamika, nikalalamika, baada ya siku nne ikaondolewa. Siku nne ni nyingi kwa mzazi, sikulala. Lakini iliondolewa, kwa kuwa mlango wa kulalamikia ulikuwepo. Huko kwenye mtandao usio na mwenyewe nitampigia nani?

Na jingine. Neno hilo la "hakuna benki, hakuna serikali, ni sisi kwa sisi" nimeshalisikia. Walikuja nalo waliotuuzia sarafu za kidijitali. Mchezo wetu wa akina mama watano ukaishia hapo. Leo simu zao hazipatikani.

Fundi mitandao, Njiro

Mama ana haki ya kuogopa, na mimi ninayeifanya kazi hii nitaongeza ya kuogopesha.

Kwanza lililo jema. Arusha tuna kituo chetu cha kubadilishana mawasiliano, ambapo watoa huduma wanaunganisha nyaya zao hapahapa mjini. Kwa hiyo ujumbe wa kutoka Njiro kwenda Sakina hauna sababu ya kuzunguka Ulaya. Lakini hilo linasaidia tu iwapo kitu chenyewe kimehifadhiwa hapa, na vingi tunavyotumia havipo hapa. Ndiyo maana 12 Mei 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipokatika, nchi nzima ilisota.

Sasa lililo baya. Barua pepe tangu mwanzo haina mwenyewe, yeyote anaruhusiwa kuendesha seva yake. Niliendesha yangu. Barua zangu nyingi zikawa zinatupwa kwenye kapu la taka, kwa sababu kampuni kubwa hazikuijua seva yangu. Nikachoka, nikarudi kwao. Bitcoin nayo, ile sarafu ya kidijitali, kila mtu anaruhusiwa kuichimba, yaani kuthibitisha malipo kwa kompyuta yake ili apate sarafu mpya, ila kazi kubwa iko mikononi mwa makundi machache. Usipokaa macho, kilichotawanywa kinajikusanya tena.

Na seva yako ya Mastodon iliyo nje ya nchi, ile 29 Oktoba 2025 ingekusaidia nini? Waya ukizimwa umezimwa.

Mzee, Old Moshi

Wanangu, sisi mwaka 1972 tuliambiwa "Madaraka Mikoani". Tukafurahi. Halmashauri zetu za wilaya zikavunjwa, wakaja maofisa walioteuliwa. Mwaka 1976 vikafuata vyama vikuu vya ushirika, na KNCU yetu ya wakulima wa kahawa ikiwemo, iliyozaliwa hapa Moshi 1933. Tulikaa hivyo mpaka sheria ya 1982 ilipovirudisha. Kwa hiyo mtu akiniambia anapeleka madaraka kwa watu, mimi huuliza mambo mawili tu: huyo mkubwa wa seva anachaguliwa na nani, na nani anaweza kumtoa?

Mleta mada, Kibosho

Shikamoo mzee. Swali lako nimelala nalo.

Nyumbani kwetu kuna mfongo. Mnaotoka mlimani mnaujua, wengine niwaeleze: ni mfereji wa maji uliochimbwa na mababu kutoka mtoni hadi migombani. Mto hauna mwenyewe, lakini kila mfongo una kamati yake na zamu zake. Baba alikuwa na zamu ya alfajiri. Tulikuwa tunatoka na tochi, tunaziba kwa gogo la mgomba na udongo ili maji yageukie kwetu, na jirani wa chini akisubiri saa yake. Banio likibomolewa na mvua, kila nyumba inatoa mtu. Asiyetoa anatozwa faini. Na mwenyekiti akipendelea shamba lake, tunamtoa, maana tunamfahamu mpaka kwao.

Mimi nataka intaneti ya namna hiyo. Bomba ni raha, unafungua tu koki. Lakini likifungwa huko juu, hujui hata mlango wa kugonga, na hicho ndicho kilichotupata sisi.

Kijana wa Memorial, sikwambii uhame sokoni. Baki, uza. Ila kila mteja anayekulipa, chukua namba yake uiandike pako. Fundi, umenishinda kwenye waya, sina jibu. Nakubali pia kwamba ni kazi ya kuchosha, na wengi wataanza wakaishia njiani. Mfongo nao ukiachwa misimu miwili unajaa tope.

Mama, wewe ndiye uliyenigusa. Kwenye seva ndogo msimamizi anajulikana, na seva inayolea matapeli nyingine zinaweza kuikatia mawasiliano. Lakini msimamizi mwenyewe akiwa mwizi, au akalala, umekwama kweli. Hapo sikudanganyi.

Sisi tumeanza na daftari la wateja, majina arobaini na moja hadi jana. Kinachofuata ni jina letu wenyewe la .co.tz, tovuti ya kurasa mbili, halafu seva ndogo kwa vikundi vitatu vya jirani, fundi wa Njiro akikubali kutufundisha. Msimamizi atachaguliwa kila mwaka. Mama, nakuomba kanuni ya kwanza uiandike wewe: picha ya mtu ikilalamikiwa, iondolewe ndani ya muda gani?

Mama wa duka la vitenge, Kaloleni, Arusha

Andika ndani ya saa sita tangu ilalamikiwe, iwe usiku au mchana. Iondolewe kwanza, kuulizana baadaye. Na iwekwe namba ya mtu anayepokea simu. Kanuni ya sarafu za kidijitali nitakuletea kesho, nataka kwanza nikae na wenzangu wanne.