Mwavuli juu ya kiti kitupu: chefu wa avenyu yetu ametudhalilisha mchana kweupe

Mwana wa Kadutu:
Ninaandika nikiwa bado na matope miguuni, kwa sababu nikitangulia kuoga hasira itapoa, nami sitaki ipoe. Jina la chefu huyu, yaani kiongozi wa avenyu (barabara) yetu hapa Bukavu, Kongo, silitaji. Yeyote aliyewahi kupanda kutoka soko la Kadutu akasikia sauti inayonyamazisha hata mbuzi anamjua.

Leo Jumamosi tulitoka kwa salongo, kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa, tangu saa moja asubuhi, watu kama arobaini, kuzibua mfereji uliojazwa na mvua ya juzi chupa za plastiki, majani ya migomba na udongo ulioporomoka kutoka juu. Yeye alifika saa tatu, ametanguliwa na mtoto aliyebeba kiti kikubwa ambacho wazee wote wa avenyu wangeketi humo na nafasi ikabaki. Aliketi ukingoni, akamwita mzee anayemzidi umri kwa miaka isiyopungua ishirini, ambaye sisi sote tunamwita Papa, akamwamuru aweke jembe chini amshikie mwavuli kwa kuwa jua linamchoma. Mwavuli, ndugu zangu! Kisha simu yake ikalia, akaenda kuzungumza nyuma ya nyumba kwa karibu nusu saa, na mzee akabaki palepale, mkono juu, akikitilia kivuli kiti kitupu. Kiti kitupu! Watu arobaini wenye majembe, na hakuna hata mmoja aliyesema, "Papa, pumzika." Nami niliinama nikaendelea kuchota matope. Mkono wa yule mzee ulikuwa unatetemeka, na bado ninauona.

Dada wa Nyawera:
Pole sana, kaka. Lakini wewe mwenye hasira ya kujaza ukurasa mzima, ulishindwa kutembea hatua kumi ukampokea mzee huo mwavuli? Chefu mwenyewe hakuwepo.

Mwalimu Mstaafu:
Usimlaumu upesi, binti yangu. Mwaka 1961 Stanley Milgram wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, alianza kuwaita watu wa kawaida na kuwaagiza wampige mwenzao umeme kila alipokosea jibu, na kuongeza nguvu kila mara. Umeme haukuwa wa kweli, lakini wao hawakujua. Katika kundi moja la watu 40, 26 walifika swichi ya mwisho ya volti 450, kwa sababu tu bwana mmoja aliyevaa koti la kijivu aliwaambia waendelee. Alipotoka chumbani na kuagiza kwa simu, waliotii hadi mwisho walipungua wakawa kama mmoja kati ya watano. Huyo chefu wenu amempita mwenye koti: ameondoka bila kuagiza lolote, na utii umebaki umesimama juani. Woga wa namna hiyo haujengwi asubuhi moja, na sisi tulioshika jembe katika salongo ya lazima ya enzi za Rais Mobutu tunajua ulikoanzia.

Mwana wa Kadutu:
Asante, Mwalimu. Dada, mzee yule ana shauri la kiwanja, na neno la chefu ndilo linalomfungulia mtu mlango wa ofisi ya kartie (mtaa). Ndiyo maana mkono haukushuka. Lakini kiti kitupu, jamani!

Mzaliwa wa Ibanda:
Na mji huu ulikwisha kumwona kiongozi. Mwezi wa Oktoba 1996, vita vilipoingia Bukavu, Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa alibaki hapa na watu wake, akauawa tarehe 29. Yeye hakuhitaji kumshikisha mtu mwavuli ili aheshimiwe, na hadi leo wazee wetu wanamtaja kwa sauti ya chini kama mtu aliyefiwa na baba.

Fundi wa Goma:
Mwavuli ni jambo dogo. Sisi tunaishi juu ya mawe ya volkeno, mahali ambapo kuchimba kisima ni ndoto, na mkuu wetu wa nyumba kumi ndiye anayeshika ufunguo wa bomba. Hafungui mpaka vidumu thelathini vya mke wake vijae kwanza, huku akina mama wenye watoto mgongoni wakimwangalia.

Dada wa Nyawera:
Thelathini tu? Wa kwetu hungoja na vya shemeji yake vijae.

Mkaaji wa Bagira:
Wetu hasikilizi kesi ya mpaka wa kiwanja kabla ya kuletewa bia mbili. Kesi ikiwa ya mbuzi, anamchukua mbuzi mwenyewe, na wote wawili mnarudi nyumbani mkiwa mmepatana kwa kukosa cha kugombania.

Mwana wa Kadutu:
Ndugu zangu, nawaomba turudi kwa yule mzee. Jioni hii nimepita kwake, na mkono bado hauwezi kuinua kikombe cha chai.

Fundi wa Goma:
Mkaaji wa Bagira, hizo bia mbili analipa mlalamikaji peke yake, au hata mshtakiwa anatoa zake?