Mjadala: Deion Sanders alikuwa beki kamili au nusu beki?

Yadi Kumi: Kila orodha ya mabeki bora wa pembeni wa futiboli ya Marekani inaanza na Deion Sanders, na upande wa pili wa kazi yake, kuangusha wakimbiaji, hauguswi. Pasi 53 za wapinzani alizonasa sizibishii. Nauliza hivi: mkimbiaji akija upande wake na mpira kwapani, alifanya nini? Tazameni mechi zake za Atlanta. Anangoja lainbeka, walinzi wa katikati, wafike kwanza, halafu anajirusha kwenye vifundo vya miguu kama mtu anayekamata kuku. Bora wa zama zote hawezi kuwa nusu beki.

Mkongwe wa Niners: Kuku? Mkuu, huyo mkamata kuku ndiye mchezaji bora wa ulinzi wa ligi, NFL, mwaka 1994, akiwa na Niners, yaani San Francisco 49ers. Pasi 6 msimu ule, 3 kati yake kazirudisha hadi tachidauni, yaani bao, na pete ya Super Bowl, fainali ya ligi, juu. Nusu beki ni wewe na simu yako.

Yadi Kumi: Sijasema hakunasa. Soma tena, taratibu.

Kocha wa Kiti: Kwanza mngeuliza alipewa kazi gani. Kwenye ulinzi wa mtu kwa mtu, beki wa pembeni anamkimbiza mpokeaji huku mpira uko mgongoni kwake, kwa hiyo kuziba ukingo, yaani kumnyima mkimbiaji njia ya nje, ni kazi ya mwingine, mara nyingi beki wa nyuma. Ule ulinzi wa timu ya Tampa chini ya makocha Dungy na Kiffin ni kinyume. Mabeki wawili wa nyuma wanagawana uwanja nusu kwa nusu, wa pembeni anabaki chini, macho kwa kwotabeki, mrusha pasi, na mbio zikitoka nje ni zake. Ndiyo maana Ronde Barber, beki wa pembeni wa Tampa, ana pasi 47 na bado kamwangusha kwotabeki mara 28. Huwezi kumpima Deion kwa mizani ya Barber.

Binti Dallas: Sawa, ila usimfutie deni lote. Hata mtu kwa mtu kuna kazi moja haikwepeki. Mpokeaji wako akiacha njia yake ghafla na kukata ndani kumgonga beki wa nyuma, ujue mbio zinakuja nje na mlinzi wa ukingo ameshazibwa. Unapiga kelele ili mwenzako asigongwe ubavuni, unamwachia mpokeaji, unaingia wewe pale alipotolewa. Hatua mbili tatu mbele, mzuiaji, yule anayemsafishia mkimbiaji njia, mpokee kwa bega la ndani, mkono wa nje uwe huru, mkimbiaji alazimike kurudi ndani kwenye watu. Ukimfuata mpokeaji ndani, nje hakuna mtu. Ukichelewa ukabaki yadi 8 nyuma, mkimbiaji anachagua upande anaoutaka. Kwa macho yangu Deion kosa lake lilikuwa hilo la kuchelewa.

Na vifundo si woga. Mtu wa kilo 90 akimpokea mkimbiaji kama Jerome Bettis, kilo 114, kifua kwa kifua, atabebwa mzimamzima. Kata chini ya goti, kichwa kipite mbele yake, mikono ifunge. Kinachoharibu ni kujirusha ukiwa mbali na macho yakiwa kwenye nyasi. Anakuruka, unakumbatia hewa.

Ngong Road Sevens: Ati kichwa kipite mbele? Hiyo ni kuvunjika shingo, bana. Kwa raga, mtoto wa shule anafundishwa kichwa nyuma, shavu kwenye tako, bega kwenye paja, funga mikono, sukuma miguu. Na winga wa sevens, raga ya watu saba, asiyeangusha mtu hachezi. Mko 7 uwanja mzima, utangoja lainbeka gani? Huyo Deion wenu Nairobi angekalia benchi.

Mkongwe wa Niners: Benchi Nairobi! Mtu aliyefika World Series, fainali ya besiboli, 1992 na Braves huku akicheza futiboli!

Ngong Road Sevens: Besiboli inaangusha nani?

Kocha wa Kiti: Wa Ngong Road ana hoja, majivuno tu ndiyo yamezidi. Seahawks, timu ya NFL ya kocha Pete Carroll, walitoa video 2014 wakifundisha hilohilo bega la raga. Na tangu 2018 ligi inaadhibu anayeinamisha kofia kumgonga mtu. Lakini kwa raga mtu akikuburuta yadi 2 kabla ya kuanguka, si hasara kubwa. Huku kwenye futiboli una majaribio 4 ya kupata yadi 10, na yadi 2 hizo ndizo zinazompa majaribio mapya. Kichwa mbele kilikuwa cha kumsimamisha hapohapo.

Binti Dallas: Nilieleza walivyofundishwa enzi zile, sikumtuma mtu akavunje shingo.

Yadi Kumi: Mimi niliuliza kuhusu Deion.

Ngong Road Sevens: Na Mkenya Daniel Adongo je? Colts wa NFL walimtoa raga moja kwa moja 2013. Wangemtaka wa nini kama hatujui kuangusha?

Mkongwe wa Niners: Wakamweka kikosi cha mateke, kinachoingia mpira unapopigwa teke tu. Kuangusha alijua, hilo nakupa. Ila kwa raga asiye na mpira hazuiwi, mwamuzi anapuliza. Huku kabla hujamfikia mkimbiaji kuna mtu kazi yake ni kukuondoa njiani. Deion alikuwa anapambana na huyo kwanza, na ninyi mnahesabu tu nani kaanguka.

Ngong Road Sevens: Kumzuia mtu hana mpira. Na mnaita mchezo.

Binti Dallas: Hapo Mkongwe kagusa penyewe. Sasa swali: Deion alimkwepa mzuiaji kwa ndani au kwa nje? Ukipita ndani umeuza ukingo, hata kama ungemkamata.

Yadi Kumi: Ndani. Kila mara ndani.

Mkongwe wa Niners: Kila mara? Taja mechi moja, robo ya ngapi.

Yadi Kumi: Nikirudi nyumbani nitaweka.

Mkongwe wa Niners: Tunangoja. Leta na kuku wako.

Ngong Road Sevens: Shavu kwenye tako, jamani.