Mjadala: Picha na hati za familia zikae kwa kampuni au kwenye seva ya nyumbani?

Mleta mada: Wakuu, hili naomba tulijadili bila ushabiki. Picha za watoto, vyeti, hati za ardhi, vyote tumevikabidhi kwa makampuni ya mbali kwa sababu ni rahisi. Sasa mwenye nyumba akibadili masharti, mpangaji anabaki na lipi la kusema? Google Photos ilikuwa ikipokea picha bila kikomo. Tangu tarehe 1 Juni 2021 kila picha mpya inahesabiwa ndani ya zile GB 15 za bure, ambazo barua pepe nazo zinazila.

Msimamo wangu: kumbukumbu za familia zikae nyumbani. Kompyuta ya zamani au Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiganja), diski ya nje, mfumo endeshi wa Linux, na juu yake Nextcloud, programu huria ya kuhifadhi mafaili iliyoanza 2016 pale Frank Karlitschek na wenzake walipoachana na mradi wao wa awali, ownCloud. Simu inapakia picha yenyewe, kalenda inasawazishwa kwenye vifaa vyote, na hakuna anayekuhesabia nafasi isipokuwa diski yako.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, nakupinga, na napinga kwa maumivu. Nilifanya hayo yote. Asubuhi moja nakuta taa nyekundu ya Raspberry Pi yangu inawaka, ile ya kijani imetulia tuli. Mfumo, hifadhidata, picha, kila kitu nilikiweka kwenye kadi ya kumbukumbu yenye ukubwa wa ukucha, nayo ilikuwa imechoka kwa kuandikwa usiku na mchana. Picha za miezi saba zikaenda. Kampuni ina wahandisi wa zamu. Mimi nilikuwa nimelala.

Mleta mada: Pole sana ndugu yangu. Ila kilichokuponza si nyumba, ni nakala moja. Tarehe 10 Machi 2021 kituo cha data cha OVH kule Strasbourg, Ufaransa, kiliteketea kwa moto, na wapo wateja ambao data zao hazikurudi tena. Hao walikuwa kwa kampuni.

Hapa niwe mkali kidogo, maana ndipo wengi tunapoumia. Diski mbili zinazoakisiana si nakala rudufu: ukifuta faili kwa bahati mbaya, linafutika kote saa ileile. Nakala ziwe tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ilale nje ya nyumba, hata kwa ndugu, ikiwa imesimbwa, yaani asiye na nenosiri hawezi kuisoma. Na kunakili picha peke yake hakutoshi. Washa kwanza hali ya matengenezo ya Nextcloud, ili kitu kisibadilike wakati unanakili, kisha chukua vitu vitatu kwa pamoja: hifadhidata, folda ya data na folda ya mipangilio. Ukiiacha hifadhidata, siku ya kurejesha utapata mafaili, lakini kalenda, anwani na mafaili uliyoshirikisha wenzako hutaviona. Halafu jaribu kurejesha ukiwa bado mzima wa afya na huna haraka.

Mchangiaji wa pili: Na usalama? Ukifungua poti, yaani mlango wa kuingilia kutoka mtandaoni, kwenye ruta, dunia nzima inakuja kugonga.

Mleta mada: Kweli, kwa hiyo usiianike. Pita kwa WireGuard, njia ya faragha ya mtandao (VPN) kati ya simu yako na seva, ambayo imo ndani ya kiini cha Linux tangu toleo la 5.6 la mwaka 2020. Asiye na ufunguo hajibiwi chochote. Tatizo ninalolikubali ni la mtoa huduma anayewagawia wateja wengi anwani moja ya umma. Hapo poti haifunguki hata ufanyeje, itabidi ukodi seva ndogo nje iwe daraja. Masasisho nayo usiyapuuze hata mwezi mmoja.

Mchangiaji wa tatu: Mimi si fundi. Kwetu aliyeifunga hiyo seva ni mume wangu. Akisafiri na ikazima, nakaa siku nne bila cheti cha mtoto. Je, akifa? Kwa kampuni najua nibonyeze wapi. Kwake sijui hata waya upi ni upi.

Mleta mada: Dada, hoja yako ndiyo nzito kuliko zote humu, na sikuwa nimeiweka kwenye msimamo wangu. Seva inayojulikana na mtu mmoja si ya familia.

Jana, baada ya kukusoma, nimeandika karatasi ya hatua tisa na kumpa mke wangu, nikatoka nje. Alikwama hatua ya tatu. Nilikuwa nimeandika "fungua diski", bila kusema nenosiri la usimbaji liko wapi. Liko kichwani mwangu tu! Miaka yote nimejisifu kwamba data ni zetu, kumbe zilikuwa zangu peke yangu.

Nenosiri sasa liko kwenye bahasha, pamoja na vyeti. Jumamosi anajaribu tena, nami sitakuwepo nyumbani. Asipofaulu, nakala ya hati muhimu nitaiweka mahali anapopajua yeye, hata kama ni kwa kampuni.