Kampuni ya matangazo, benki au kujitegemea: nielekee wapi?

MchoraNtinda
Ndugu zangu, habari za jioni. Naomba ushauri, hasa kwa waliowahi kufanya kazi hizi wenyewe.

Nina miaka mitatu kwenye usanifu wa michoro. Nilianzia Nasser Road, mtaa wa wachapaji hapa Kampala: kadi za harusi, vitabu vya risiti, mabango ya wagombea. Sasa nimeitwa sehemu mbili. Moja ni kampuni ya matangazo iliyoko Kololo, mshahara milioni 1 na laki 2. Nyingine ni idara ya masoko ya benki, milioni 2 kasoro kidogo, bima ya afya ipo, na saa 11 jioni watu wameshatoka. Njia ya tatu ni kubaki nilivyo, natafuta wateja mwenyewe. Moyo wangu uko Kololo. Mama anataka benki, na mama ndiye aliyenisomesha, kwa hiyo neno lake lina uzito.

DadaWaBusia
Mdogo wangu, nimekaa miaka sita kwenye kampuni za matangazo nikiandika maneno. Kuna kitu utakipata kule ambacho benki haina: watu wanaoikataa kazi yako na kukueleza sababu.

Kampuni yangu ya kwanza ilikuwa na ukuta mmoja wa korido. Kila wazo lilibandikwa pale kwenye karatasi, limechorwa kwa kalamu tu, bila kompyuta. Nilipewa tangazo la sabuni nikaandika vichwa 40. Bosi akapita anabandua kimoja kimoja, vikabaki viwili. Kisha akavuta kiti, akanieleza kwa nini hivyo viwili. Nusu saa ile bado naila mpaka leo.

Tena utawekwa na mwandishi, meza moja. Mtindo huo ulipata nguvu New York, kwenye kampuni ya Doyle Dane Bernbach iliyoanzishwa 1949. Kabla ya hapo, mwandishi alimaliza maneno yake ndipo mchoraji akapelekewa ayapambe. Ukikaa na mwandishi mzuri, utaanza kufikiria maneno na yeye ataanza kuona picha. Ukikaa na mbaya utateseka, sikufichi.

Ila kuna jambo linaniuma. Mawazo yetu mengi huzaliwa kwa Kiingereza. Siku moja tulipeleka studio tangazo la redio la sekunde 30, limetafsiriwa Luganda neno kwa neno. Msomaji akafika sekunde ya 41 na namba ya simu hajaigusa. Akaambiwa aharakishe. Akaharakisha, ikawa kama kondakta wa teksi anayeita abiria wa mwisho. Alikuwa mzee, rika la baba yangu. Akavua vile vya masikioni, akaniuliza taratibu: "Nnyabo (yaani mama), mnataka kumwambia mtu nini hasa?" Nikamjibu kwa sentensi moja. Akasema, "Basi sema hilo." Tukakaa ngazini tukaandika upya, muuza matooke anazungumza na mteja wake. Likatoka sekunde 26, na zile 4 tukaziacha kimya.

Tangu siku ile siandiki tangazo la Luganda kwa kuanzia Kiingereza. Na Kiswahili ndiyo kabisa. Katiba ya Uganda ilirekebishwa 2005 kikawa lugha rasmi ya pili, lakini kwa miaka sita brifu zake (maelekezo ya kazi kutoka kwa mteja) nilizopata hazizidi vidole vya mkono mmoja, zote za "tafsirini hii kabla ya saa kumi". Wakati mimi nimelelewa mpakani, sokoni Busia, ambako watu wanabishana bei kwa Kiswahili kutwa nzima.

UpandeWaMteja
Mimi niko idara ya masoko, si benki lakini hatuko mbali. Usiidharau ndugu. Huku unaona kitu kizima: bajeti, mauzo, kwa nini kampeni ilisimamishwa katikati. Wa kampuni ya matangazo hupata habari hizo mwishoni, tena nusunusu.

Ubaya wake ni mkono kukakamaa. Nina mwaka wa nne na rangi zilezile mbili na mwandiko uleule. Bango likipita kwa wanasheria, kwa idara ya kupima hatari, kisha kwa mkubwa, kilichokuwa na uhai kimeshatolewa.

Jambo moja la kuuliza Kololo: je, wanapeleka michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii? Mwajiri 10%, wewe 5%. Tangu sheria ibadilishwe 2022 ni wajibu wa kila mwajiri, hata mwenye wafanyakazi watatu.

KalamuHuru
Mimi napenda kujitegemea, lakini uwe na akiba ya miezi mitatu. Kampuni ikikupa kazi huwa inasubiri ilipwe na mteja wake ndipo ikukumbuke. Nimewahi kungoja siku 120. Kazi ikizidi milioni 1, wengi wanakata 6% ya kodi ya zuio, kwa hiyo TIN, namba yako ya mlipa kodi, iwe tayari na uwadai cheti cha makato. Mimi sianzi bila nusu mkononi.

Ila Nasser Road usiione ndogo. Wewe unajua weusi wa kwenye skrini unavyogeuka tope kwenye karatasi nyembamba. Wasanifu wengi wa maofisini hawajui.

DadaWaBusia
Nimesahau pichi, yaani kushindania mteja. Ijumaa jioni mnaambiwa Jumatatu mnawasilisha. Wiki mbili za kazi bila malipo, mnashindwa, na miezi baadaye unaona bango lenye wazo linalofanana na lenu mno. Mimi lilinikuta, nililia garini. Na tukitoka saa sita usiku, wadada tulipanda boda kwa pesa zetu. Waulize Kololo nani analipa usafiri wa usiku. Jibu litakuonyesha wanavyowatazama watu wao.

MchoraNtinda
Asanteni sana, wakubwa. Nimepiga simu Kololo leo asubuhi. NSSF wanapeleka. Usafiri baada ya saa 3 usiku wanalipa. Nikauliza nitakaa na mwandishi gani, yule dada akanyamaza kidogo, akasema hajawahi kuulizwa hilo, nije Alhamisi nimwone huyo mwandishi. Mama nimemwambia kuhusu NSSF, amesema tutaongea Jumapili.

KalamuHuru
Alhamisi nenda na zile kadi na mabango yenyewe, karatasi. Usimwonyeshe kwenye simu. Mwache azishike.

DadaWaBusia
Na umwombe akuonyeshe alichokataliwa mwezi huu.