Uliwahi kuona taa za ajabu angani, jeshi likasema ni zake? Tupeane uzoefu

Mwanadayton: Wakuu, nabeba boksi Dayton, Ohio, jirani na kambi ya Wright-Patterson. Hapo ndipo jeshi la anga la Marekani lilipoweka faili za Blue Book, uchunguzi wake wa vitu vya ajabu angani, 1952 hadi 1969: taarifa 12,618, na 701 hazikupata jibu. Jana natoka zamu ya usiku, taa tatu zimetulia kimya juu ya miti. Usingizi umekata. Nani yamemkuta?

Kitale_Boy: Natandika mkeka hapa.

MzeeArizona: Umenikumbusha mbali. Machi 13, 1997, Phoenix, nasoma huku naosha vyombo hotelini. Saa nne usiku natoka mlango wa nyuma kumwaga taka, naona taa za rangi ya chungwa zimejipanga upande wa milima ya Estrella. Muungurumo hakuna. Mpishi wetu, jibaba zima, kapiga magoti. Mimi nimekumbatia pipa, miguu imegoma. Mara zikaanza kuzimika moja moja, kama mtu anapita akizima vibatari. Hapo ndipo nilipoishiwa nguvu. Sikumwambia mtu, karatasi zangu zenyewe zilikuwa za kuungaunga. Baada ya miezi jeshi likasema ni ndege za A-10 za kikosi cha Maryland, zilikuwa mazoezini uwanja wa Goldwater zikidondosha fataki za kumulikia, zinazoning'inia kwenye miamvuli. Zilizimika kwa kuwa zilishuka nyuma ya mlima. Haya. Na zile za mapema, saa mbili unusu, zilizopita na umbo la V? Gavana wa Arizona, Symington, alimleta msaidizi wake kavalishwa kama kiumbe wa angani, watu wakacheka. 2007 akakiri naye aliona!

FundiRada: Za mapema kuna kijana alizitazama kwa darubini, akaona ndege. Tusikuze mambo.

MzeeArizona: Ulikuwepo?

FundiRada: Nilikuwa darasa la tatu. Ila na wewe ulishika pipa, hukushika darubini.

Binti_Ngomeni: Kwetu Ngomeni, Malindi, Waitaliano walirusha roketi baharini, kwenye jukwaa lao la San Marco, hadi 1988. Babu alikuwa akivua usiku, moto ukapanda mbinguni, akaacha nyavu na mashua akapiga mbizi. Mpaka anakufa aliuita jini la San Marco.

Kitale_Boy: 😂😂 Mashua je?

Binti_Ngomeni: Ilikutwa Mambrui, haina hata kasia.

FundiRada: Mada ni jeshi, jamani!

Mama_Swaumu: Mwanangu wa Dayton, usitoe simu kupiga picha. Soma Ayatul Kursi, ingia ndani.

Kitale_Boy: Piga, mkuu! Andika na saa. Setilaiti za intaneti za Starlink hazitulii, huandamana kama siafu. Kisha peleka Pentagon, makao ya jeshi la Marekani.

FundiRada: Ofisi yao ya kuchunguza vitu hivi, AARO, ya 2022, hupokea ripoti za watumishi wa serikali. Mbeba boksi atamwambia nani?

Mwanadayton: Basi leo napita njia ya nyuma.

Kitale_Boy: Binti, nyavu za babu zilipatikana?

Binti_Ngomeni: Wapi! Na zilikuwa za kuazima.